Mrija wa Friesian Moshi: mbegu haina shida, angalia mtungi

Kwa mfugaji wa Kibosho, Old Moshi au Marangu, mhimilishaji wa boda, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mrija anayekuja na pikipiki, ndiye njia rahisi ya kupata ndama wa Friesian. Mbegu ya NAIC, kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, tunaipa alama za juu. Kinachoyumba ni safari ya kutoka kwenye mtungi hadi bandani.

Mbegu hukaa ndani ya mirija myembamba, kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kabla hujamfunga ng'ombe, mwombe mhimilishaji achovye kijiti cha kupimia: sehemu iliyozama hutoka na barafu nyeupe. Kikitoka kikavu, mrudishe alikotoka, maana mbegu iliyokwisha kupata joto haifufuki hata ikigandishwa upya. Akichomoa mrija, kikombe kinachobeba mirija kisipite shingo ya mtungi, wala asikae nacho akitafuta jina la dume. Sekunde kumi tu zinaharibu. Mrija uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa kipimajoto, nusu dakika hivi, halafu ukaushwe vizuri, kwani tone la maji huua mbegu. Wapo wanaouyeyusha kwapani. Hao hela yako wamekula.

Ng'ombe akionyesha joto asubuhi, apandishwe jioni. Akionyesha jioni, kesho yake asubuhi. Aliye peke yake bandani hana wa kumpanda, kwa hiyo tazama ute mng'avu unaoning'inia kama yai bichi, kulialia na maziwa kupungua. Ukiona damu mkiani mmechelewa: andika tarehe, anza kumchungulia tena baada ya siku 17.

Je, Friesian anakufaa? Kwao ni Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, nchi tambarare ya baridi na majani tele. Kitabu chao cha ukoo kilianza 1879, na mjini Leeuwarden kuna sanamu ya ng'ombe iitwayo Us Mem, Mama Yetu. (Wenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, hawatacheka.) Ila majani ya kule hayabebwi kichwani. Ng'ombe wa kilo 500 anataka kama kilo 60 za mabingobingo kila siku, mbali na pumba na mashudu, na maji yasiyokatika. Migomba mitupu humjaza tumbo, ndoo haijai.

Mtamba mdogo wa kienyeji mpe Jersey. Ndama wa Friesian humkwama wakati wa kuzaa. Mrija wa majike hutoa majike kama 9 kati ya 10, ila ni ghali na hushika kwa shida zaidi, usiupoteze kwa ng'ombe anayepandishwa na kurudia joto kila mara.

Tunapokata alama nyingi ni kwenye kadi. Dai iandikwe tarehe, jina na namba ya dume, la sivyo baada ya miaka miwili hivi utampandisha mtamba wako kwa baba yake.