Kisanduku cha muziki cha "The Eyes of Texas": mbao nzuri, sauti nzuri, karatasi yenye pengo

Nilikinunua Austin, Texas, nilipokuwa nimekwenda kukaa na binti yangu, kwenye duka la zawadi lililo jirani na Chuo Kikuu cha Texas. Bei yake dola 24. Kodi ya pale ni asilimia 8.25, kwa hiyo nilitoa dola 25 na senti 98. Ni kisanduku cha mbao kinachoenea kiganjani, kimepakwa ile rangi ya chuo, chungwa lililokolea hadi likakaribia tofali la kuchoma, na juu ya kifuniko pamechongwa kichwa cha ng'ombe wa pembe ndefu. Ubavuni kuna mkono mdogo wa chuma. Ukiuzungusha, kinapiga wimbo wa chuo, "The Eyes of Texas", yaani Macho ya Texas.

Nianze na kifaa chenyewe, maana ndicho mtu anachotaka kujua kabla ya kutoa pesa. Nimefundisha kwaya za shule za msingi Tanga kwa miaka 31, na noti iliyolegea huniumiza kichwa. Ndani kuna sega la chuma la meno 18, na mbele yake gurudumu lenye vipele vinavyoyakwanyua hayo meno. Meno 18 ni machache, lakini aliyeupanga muziki alijua kazi yake: ameacha sauti ya kwanza ipite wazi, na besi ameigusa pale tu inapohitajika. Noti moja ya juu inasikika kama imebanwa koo, nyingine zote ziko mahali pake. Kikishikwa mkononi hakisikiki vizuri. Kiweke juu ya meza ya mbao uone meza nzima inavyoimba nacho. Hakitaki betri. Bawaba hazichezi. Ubaya wake ni huo mkono, mfupi mno na mwembamba, vidole vya mtoto vinateleza, na ukizungushwa kinyumenyume unakwaruza.

Nilimnunulia mjukuu wangu, ana miaka mitano. Usiku wa kwanza alilala nacho kifuani. Maneno ya wimbo alikwisha kuyajua shuleni kwao, basi akawa anazungusha na kuimba. Katikati akanyamaza, akaniuliza, "Bibi, nani ananitazama?"

Swali la haki kabisa. Wimbo unasema macho ya Texas yako juu yako kutwa nzima, huwezi kuyakimbia, usiku wala alfajiri, mpaka Jibrili apulize baragumu. Nikafungua karatasi iliyokuja ndani ya kisanduku nitafute jibu. Mistari minne: wimbo huu ni wa mwaka 1903, maneno yake yalitungwa na mwanafunzi John Sinclair, ni fahari ya vizazi na vizazi, asante kwa kununua. Nikaigeuza. Nyuma tupu.

Binti yangu alikuwa anavua viatu vya kazini, ametoka zamu hospitali. Akaniambia, "Mama, huo wimbo hawakuambia dukani ulivyozaliwa?" Tukakaa jikoni hadi saa sita usiku.

Rais wa chuo siku hizo alikuwa William Prather. Alikuwa amesoma Virginia, kwenye chuo kilichoongozwa na Robert E. Lee, yule jenerali wa majimbo yaliyopigana kulinda utumwa. Prather alikuwa na tabia ya kuwaasa wanafunzi wake kwamba macho ya Texas yanawatazama. Wanafunzi ni wanafunzi, wakalishika hilo neno kumtania. Sinclair akaandika maneno ya utani, wakayaweka juu ya tuni iliyokuwa inajulikana ya vibarua wa reli, wakauimba mara ya kwanza tarehe 12 Mei 1903 katika ukumbi wa Hancock Opera House, kwenye onyesho la kuchangisha pesa za timu ya riadha. Prather mwenyewe alikuwamo ukumbini. Miaka miwili baadaye alifariki, na wimbo ule ule wa kumtania ukaimbwa kwenye mazishi yake. Nimeona nyimbo za harusi zikiingia kanisani na nyimbo za kanisa zikiingia mpirani, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Ndivyo wimbo unavyopata mizizi, watu wanaufungamanisha na wafu wao.

Ila lile onyesho la Mei 1903 lilikuwa la aina gani? Lilikuwa yale maigizo ambayo wazungu walichoma vizibo vya chupa, wakajipaka masizi usoni, wakapanda jukwaani kujifanya watu weusi: wajinga, wavivu, wachekeshaji, wenye kuvunja maneno. Marekani nzima iliyapenda, kaskazini na kusini. Wakati ule, huko Texas, mtu mweusi halisi hakuweza kusoma katika chuo kile.

Nikajipa moyo nikasema, sawa, maneno yana doa, lakini kisanduku changu hakina maneno, kina tuni tu. Hapo ndipo nilipokwama zaidi. Tuni yenyewe ilichapishwa mwaka 1894 katika kitabu cha nyimbo cha chuo cha Princeton, kwa jina la "Levee Song", na maneno yake yaliandikwa kwa matamshi yaliyovunjwavunjwa makusudi ili yasikike kama kibarua mweusi anavyodhaniwa kusema. Meno 18 ya chuma yameubeba na huo mzaha pia.

Nilipompigia ndugu yangu Tanga kumweleza, aliniuliza swali ambalo sikulala nikilifikiri: "Dada, kwani babu yetu hakucheza beni?" Kweli alicheza. Alikuwa mtu wa Arinoti. Sisi watu wa pwani tunazikumbuka Marini na Arinoti, vyama vya ngoma vilivyoigiza gwaride la wazungu, na matarumbeta, na vyeo, huyu jenerali, yule kapteni. Babu alivaa kofia ya ofisa akatembea kama mzungu, na mji ukacheka. Kuiga ni jambo la watu wote. Lakini nikamwambia ndugu yangu: babu alipovaa ile kofia, hakuwa na uwezo wa kumfungia Bwana Shauri, yule mtawala wa kikoloni wa wilaya, mlango wa ukumbi wowote. Ngoma ikiisha, alirudi kuwa mtu wa kulipa kodi ya kichwa. Wale wa Austin walipojipaka masizi, mlango ulikuwa mkononi mwao, na waliufunga. Masizi yalinawika kwa maji na sabuni. Mtu mweusi aliyekuwa nje akabaki nje.

Mjadala wa kuutoa wimbo ulipamba moto mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis. Wanamichezo wa chuo waliandika kuomba ubadilishwe. Mwezi Julai rais wa muda, Jay Hartzell, akatangaza kwamba utabaki. Aliambatanisha mambo mema: uwanja ukapewa majina ya Earl Campbell na Ricky Williams, wachezaji wawili weusi waliokipa chuo sifa, na sanamu ya Julius Whittier, mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea rasmi timu ya mpira wa Marekani ya chuo, ikapangwa kusimamishwa. Oktoba hiyo, kwenye mechi na chuo cha Baylor, bendi ya chuo haikupiga kwa sababu waliokubali kuupiga wimbo hawakutosha, wakacheza rekodi. Machi 2021 gazeti la mtandaoni la Texas Tribune likaandika juu ya barua za wahitimu matajiri waliotishia kufunga mikoba yao wimbo ukiguswa. Mwezi huo huo kamati iliyoongozwa na Profesa Richard Reddick ikatoa ripoti yake. Iliandika waziwazi habari ya onyesho la 1903, na kwa hilo naiheshimu. Ikahitimisha kwamba wimbo wenyewe haukutungwa kwa nia ya kibaguzi.

Mimi siipingi kamati katika nia ya Sinclair. Huenda kijana yule alitaka kumchekesha rais wake tu. Ninachouliza ni kile mwalimu wa kwaya anachouliza kila Januari anapopanga wanafunzi mistari: nani anaruhusiwa kusimama hapa?

Mwaka 1950 Heman Sweatt alipata haki ya kuingia shule ya sheria ya chuo hicho baada ya kushinda katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza wakaanza kupokewa mwaka 1956. Kati yao alikuwamo msichana aliyejulikana baadaye kama Barbara Conrad, na huyu ndiye ninayemwaza kila nikigusa kile kisanduku. Alikuwa na sauti ya mezo, ile ya kike ya kati, nzito chini, yenye asali. Mwaka 1957 alipewa nafasi ya Dido katika opera ya "Dido and Aeneas" ya chuo. Malkia. Aliyeimba kama mpenzi wake alikuwa kijana mzungu. Wabunge wa jimbo wakapiga kelele, chuo kikamwondoa. Alikwisha kujifunza noti zote. Wanaofundisha kuimba wanajua maana ya kumwondoa mtoto mwenye wimbo mzima tayari kifuani. Mwimbaji maarufu Harry Belafonte alijitolea kumlipia asome kwingine, msichana akakataa. Alibaki, akahitimu mwaka 1959, na baadaye akaimba Metropolitan Opera, jumba mashuhuri la opera la New York.

Basi wekeni mambo hayo mawili kwenye meza moja. Mwaka 1903 chuo kinawashangilia wazungu waliojipaka weusi wakiimba. Mwaka 1957 anakuja mweusi wa kweli mwenye sauti ya kweli, anaambiwa ashuke. Wimbo wa wale wa kwanza ndio ulioimbwa miaka yote hiyo, na ndio unaotakiwa kuinuliwa mkono hadi leo.

Nimekutana na anayeupenda, na si mtu wa kupuuzwa. Jirani wa binti yangu, mzee mweusi, amesoma pale miaka ya sabini. Aliposikia kisanduku kikilia barazani alisimama, akainua mkono na vidole viwili kama pembe, macho yakamlowa. Akaniambia wenzake wengi wamekwisha kufa, na ndani ya wimbo ndimo anamokutana nao. Nikamwambia naelewa, na nilimaanisha. Sina ugomvi na anayeuimba kwa mapenzi yake.

Ugomvi wangu uko kwenye kulazimisha. Aprili 2021 chuo kilitangaza kwamba atakayekuwa katika bendi yake kuu ya Longhorn Band atapaswa kuupiga, na asiyetaka atatafutiwa bendi nyingine pembeni. Septemba mwaka huo wanafunzi pamoja na tawi la Texas la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, wakapeleka malalamiko Wizara ya Elimu ya nchi yao. Bendi mbili, moja ya uwanjani na moja ya kando, katika chuo ambacho Sweatt alilazimika kwenda mahakamani ili apokewe! Shuleni kwangu niliwahi kuwa na kijana wa dhehebu lisiloimba wimbo wa taifa. Wenzangu walitaka achapwe. Mimi nilimwacha asimame kimya katika mstari ule ule wa sauti ya teno, pamoja na wenzake, na wimbo uliofuata akaimba kuliko wote. Sikumtafutia mstari wa peke yake nyuma ya darasa.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: ningekuwa na kura, ningeutoa kwenye sherehe za chuo. Waiweke rekodi maktaba, waitungie maelezo kamili, na wahitimu wauimbe wanapokutana. Chuo chenye wanafunzi zaidi ya 50,000 na shule nzima ya muziki hakikosi mtu wa kutunga mwingine, na utani wa 1903 wenyewe unaonyesha jinsi wimbo unavyoweza kutungwa upesi ukapendwa.

Turudi dukani. Nilikwenda tena baada ya wiki moja, na risiti mkononi. Wanakubali kurudishiwa mali ndani ya siku 30. Binti wa kaunta, mpole sana, aliniuliza kama kimeharibika. Nikamwambia hakijaharibika, ila karatasi yake haijakamilika, nikampa ukurasa mmoja nilioandikiwa na binti yangu kwa Kiingereza: tarehe 12 Mei 1903, ukumbi, masizi, mwaka 1894, na jina la Barbara Conrad. Alisoma mpaka mwisho. Alisema yeye mwenyewe anasoma pale na hakuwahi kusikia habari ya Conrad. Akaomba abaki na ule ukurasa amwonyeshe meneja. Nilimwachia, nikaondoka na kisanduku changu.

Mjukuu nilimjibu kwamba wanaomtazama ni mama yake na mimi. Habari nyingine atapewa akifika darasa la nne au la tano, na kisanduku kitamsubiri juu ya kabati.

Anayenunua kwa ajili ya mtu mzima: mbao, bawaba na upangaji wa muziki vinastahili dola 24. Anayenunua kwa ajili ya mtoto: mkono hauufai mkono wake, na maswali atakuuliza. Nimekipa nyota mbili kati ya tano. Ya tatu nitaiongeza siku nitakapotumiwa picha ya karatasi mpya.