Tumewapa eneo la korosho watupangie nishati ya pamoja Mtwara: kazi nzuri ila kwenye mita wametuangusha

Wadau wa Mtwara na Lindi wenye maeneo ya viwanda vya zamani, someni hii kabla hamjalipa mtu. Kikundi chetu tuna eneo lililokuwa la kubangulia korosho, njia ya kuelekea bandarini, tunaligeuza liwe nyumba za kupangisha, fremu za maduka na chumba baridi cha samaki. Hatukutaka kila mpangaji abandike AC yake ukutani na jenereta lake nyuma, tulitaka umeme na ubaridi wa eneo zima vipangwe kwa pamoja na hewa ukaa isiongezeke. Tukachukua wataalamu kutoka Dar, jina siwataji.

Walichonikosha, hawakuanza na kutuuzia paneli za sola. Walianza na kupima, fundi wao alikaa na klampu mita (kile kipimo cha umeme unachobana kwenye waya) kwenye chumba baridi cha jirani jua la mchana limewaka kabisa, akawa anaandika kompresa inavuta kiasi gani kila mlango ukifunguliwa. Wakatuelezea mfano wa Malmö kule Sweden, eneo la kiwanda cha meli cha Kockums lililogeuzwa makazi 2001, joto lote walipanga litoke kwenye vyanzo vya pale pale, lengo likawa nyumba isizidi uniti 105 za nishati (kWh) kwa mita ya mraba kwa mwaka, walivyokuja kupima nyumba kibao zimepitiliza. Yaani ukikosea makadirio ya matumizi, mitambo yote unayonunua baadae inakuwa na makosa hayo hayo.

Kwenye gesi nimewaheshimu sana. Humu kwetu kuna wazee walishaamua, gesi ni yetu, ile ya Mnazi Bay hapa Mtwara iligunduliwa toka 1982, tuitumie yaishe. Jamaa wakasema wazi kwamba ni afadhali kuliko dizeli lakini kila uniti ya joto ukichoma gesi inatoka kama gramu 200 za hewa ukaa, kwahiyo huo mpango hauwezi kuitwa hauongezi ukaa. Maganda ya korosho nayo wakayakataa kuchomwa kama kuni mpaka mafuta yake yakamuliwe kwanza, na nyie mnajua moshi wa yale maganda unavyowasha macho na koo.

Wakachimba shimo karibu na boila ya zamani, udongo ukatoka mweusi unanata, yule dada injinia akamzuia kibarua palepale asishike bila glavu maana mafuta ya maganda yanababua ngozi. Bomba la maji baridi ya kupoza vyumba kwenye ramani likahamishwa likapita upande wa ukuta wa pili. Na paa la godauni ni la asbesto, wakagoma kabisa litobolewe kufunga paneli, liondolewe na watu wenye vifaa kwanza. Gharama imepanda, ndio, ila mtu mwingine angetuachia vumbi la asbesto linaloharibu mapafu tulivute na wapangaji wetu.

Mpango wenyewe mi naukubali. Mchana sola inaendesha chila (mtambo wa kupoza maji), inapoza maji mpaka nyuzi 6 hivi, yanakaa kwenye tenki lililofunikwa vizuri, usiku watu wakilala ndo yanazunguka vyumbani. Ubaridi unatunzwa kwenye maji badala ya kununua betri nyingi za bei mbaya. Na chila ziwe mbili ndogo sio moja kubwa, ili mwanzoni vyumba vikiwa nusu tupu moja izimwe.

Sasa malalamiko. Ripoti yote Kiingereza, wazee wenye hisa wameshika makaratasi wanaangalia michoro tu, tumeomba muhtasari wa Kiswahili umekuja umechelewa na mikutano imeshapita. Kubwa zaidi ni malipo, aya moja tu! Huku watu wamezoea LUKU, unanunua unachotumia, je ubaridi wa bombani mpangaji analipaje, mita inakaa kwake au kwenye korido, asipolipa unamfungia valvu au unamuachia, pampu ikifa usiku wa Februari nani anaamka? Hivyo ndo vitu vitakavyotugombanisha na wapangaji, chila haigombani na mtu.

Nyota 4 kati ya 5. Sehemu ya mita na matengenezo tumewarudishia waiandike upya, kwa Kiswahili, na malipo ya mwisho tumeyashikilia mpaka ije.