Uzoefu wangu: darasa la kuanzisha pindo la ribu linalovutika

Kwa sisi tunaofuma kofia na soksi za watoto wachanga hapa Unguja, pindo ndilo linaloamua kama kazi itavaliwa au itabaki kabatini. Mama akimvisha mwanawe kofia siku ya kumtoa arobaini, kisha akaikuta imemwachia mchirizi mwekundu kwenye paji la uso, hatarudi kununua nyingine, hata kama rangi ilimpendeza kiasi gani. Kwa sababu hiyo nililipa shilingi 20,000 kujiunga na darasa la jioni linaloendeshwa nyumbani kwa mfumaji mmoja wa Michenzani. Darasa hilo hufundisha jambo moja tu, nalo ni namna ya kuanzisha vitanzi vya pindo la ribu, yaani lile la mistari ya kuinuka na kubonyea, ili livutike na kurudi bila kuacha ukingo mgumu.

Njia ambayo wengi wetu tuliikuta kwa mama zetu ni ile ya mkia mrefu. Uzi wa mkia, yaani ncha iliyoachwa ndefu mwanzoni, hupita kwenye kidole gumba, uzi unaotoka kwenye bunda hupita kwenye kidole cha shahada, na kila kitanzi kinachopanda kwenye sindano hufungwa chini yake kwa mkia huo. Ni njia imara na ya haraka, lakini mkia hujipanga chini ya kazi nzima kama mnyororo, na ribu ikitaka kutanuka, mnyororo hukataa. Kufuma kwa kulegeza mkono husaidia kidogo tu, na mara nyingi huishia kuacha vitanzi vikubwa vinavyochungulia.

Darasani tulifundishwa njia ya Kiitaliano. Mkao wa mkono wa kushoto ni uleule, ila sindano hufanya safari mbili tofauti kwa zamu: mara hupita chini ya uzi wa kidole gumba na kuuchota ule wa kidole cha shahada, mara hupita chini ya uzi wa shahada na kuuchota ule wa gumba. Vitanzi hupishana, kimoja cha kawaida, kinachoinuka kwenye ribu, na kimoja cha kinyume, kinachobonyea, bila fundo lolote chini yake isipokuwa lile la kwanza kabisa. Baada ya hapo hufumwa safu mbili za matayarisho, ambamo kila kitanzi cha kawaida hufumwa na kila cha kinyume huhamishiwa sindano ya pili bila kufumwa, uzi ukiwa upande wa mbele. Safu hizo huzaa tabaka mbili nyembamba zilizoungana ukingoni, na uzi huonekana ukizunguka kutoka mbele hadi nyuma bila kukatika, kiasi kwamba mtu anayelitazama pindo hajui kazi ilianzia wapi.

Thamani ya darasa, kwa maoni yangu, imo katika mambo mawili ambayo si rahisi kuyang'amua kwa kutazama video kwenye simu. La kwanza ni kwamba katika safu ya kwanza baadhi ya vitanzi hukaa vimegeuka kwenye sindano, mguu wao wa mbele ukiwa nyuma, na visipofumwa kwa kupitia nyuma hujisokota na kuharibu unadhifu wa mstari. La pili ni kitanzi cha mwisho, ambacho hufumuka mara tu unapogeuza kazi, mpaka upishanishe mkia na uzi wa bunda kwanza. Mwalimu huketi karibu na kila mwanafunzi, hushika ncha ya sindano kwa vidole viwili na kuirudisha polepole njia iliyopita. Jirani yangu alipokuwa akivuta kwa nguvu aliambiwa, "Mwanangu, uzi haukukosea kitu, usiukabe." Hata hivyo, kulegeza kupita kiasi kunalifanya pindo lipanuke na kuwa na mawimbi, na tiba yake ni sindano nyembamba zaidi. Mimi huanzisha kwa milimita 3, hufuma ribu kwa 3.5, kisha huingia mwili wa kofia kwa 4.

Nina malalamiko pia. Sindano zinazotolewa ni za alumini, na katika joto la Machi, mikono ikitoka jasho, uzi wa akriliki hunatanata wakati vitanzi vyenyewe vinateleza na kuanguka. Aliye na za mianzi na aje nazo. Karatasi ya maelekezo inazungumzia pekee ribu ya kitanzi kimoja cha kawaida kwa kimoja cha kinyume. Ukitaka ya mbili kwa mbili, inakubidi ubadilishane nafasi za vitanzi, cha pili kiende mahali pa cha tatu, na hilo nililipata kwa kuuliza baada ya darasa. Kwa ribu ya aina hiyo naona heri njia ya Kijerumani, ambayo ni mkia mrefu wenye msokoto wa ziada kwenye kidole gumba. Haipendezi kwa kiwango hicho, lakini huvutika vizuri na haitaki safu za matayarisho.

Aina ya uzi nayo ina neno lake. Sufu hurudi yenyewe baada ya kuvutwa na akriliki hujitahidi, lakini pamba, ambayo wateja wengi huiomba kwa ajili ya joto letu, hutanuka na kubaki hivyo, kwa hiyo hupunguza vitanzi kidogo ninapoitumia. Kwa soksi, ambazo hufumwa kwa mzunguko, safu mbili za mwanzo hufumwa bapa, kwa kwenda na kurudi, kabla ya kuunganisha, na mwanya unaobaki hushonwa kwa mkia.

Darasa haligusi kabisa namna ya kumalizia. Kofia inayoanzia pindoni haidai zaidi ya hayo, lakini anayefuma sweta kuanzia chini hadi shingoni atahitaji kujifunza kwingine kufunga vitanzi kwa sindano ya kushonea, la sivyo kiuno kitavutika na kichwa cha mtoto kitakwama shingoni.