Kipima oksijeni cha kidoleni: miaka miwili tuko nacho hapa Bombo, Uganda

Asalaam aleikum na habari zenu wazazi wenzangu, hasa nyie mnaolea watoto wa moyo. Kina mama ninaokaa nao benchi moja kule hospitali ya Mulago, Kampala, wameniuliza sana kuhusu hichi kidude cha kubana kidoleni, nimekitoa wapi, bei gani, na kama kinasema kweli, sasa leo mtoto kalala mapema nikasema niandike yote mahali pamoja.

Binti yetu ana miaka mitano. Ana ile hali inaitwa Fallot, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888, na ni kasoro nne kwenye kimoyo kimoja: kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia ya damu kwenda mapafuni imebana, mshipa mkubwa umekaa juu ya lile tundu badala ya kukaa upande wake, na msuli wa kulia umenenepa kwa kusukuma sana. Damu ambayo haijapata hewa inajichanganya na ile safi inaenda mwilini, ndo maana midomo na kucha zinageuka zambarau. Kabla hatujajua, majirani walikuwa wanamwambia wewe umekula jambula, yale matunda ya zambarau, na msimu wa jambula wala haujafika. Kliniki moja ya karibu ilimtibu nimonia mara tatu, mara ya nne mume wangu akakataa, akasema huyu tunampeleka Taasisi ya Moyo pale Mulago, na huko walivyompiga eko, ile picha ya moyo, tukapewa jina la ugonjwa, nikalia nikiwa nimemfunika mtoto uso na mtandio wangu asinione.

Sasa tuko kwenye orodha ya kusubiri upasuaji, na kusubiri huko ndiko kulikotufanya tununue kifaa.

Cha kwanza tulipigwa. Tulikinunua mjini Kampala kwa mtu kwa shilingi 35,000, kikawa kinasoma 98 kwa kila mtu, baba 98, mimi 98, na mtoto ambaye midomo yake naiona ilivyo naye 98! Mume wangu akachukua kalamu ya bic ya mtoto wa kwanza akaiingiza pale pa kidole, kikafikiri kidogo kikaandika 97. Kalamu. Jamani wazazi, kabla hujatoa hela muombe muuzaji kifaa chenye betri, ingiza kalamu, kikikupa namba rudisha uende zako. Hilo jaribio ni la bure na lingetuokolea wiki mbili za kujidanganya kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Hichi tulichonacho sasa tulikipata kwenye duka la vifaa vya hospitali maeneo ya Wandegeya kwa 85,000, na siku ya kliniki tukakibeba. Nesi akakiweka mkono mmoja na mashine yao kubwa mkono mwingine, yao ikasema 81, chetu 82. Hapo ndo nikakiamini. Na nyie fanyeni hivyohivyo, msione aibu, manesi wenyewe wanafurahi.

Kinavyofanya kazi ni kwamba kinapitisha taa mbili kwenye kidole, nyekundu na nyingine ambayo jicho halioni, na damu yenye oksijeni inameza hizo taa tofauti na damu isiyo nayo, basi kinapiga hesabu kinakupa asilimia. Aliyegundua ujanja wa kufuata mapigo ya damu ili hesabu hiyo itoke sawa ni Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970, amefariki 2020. Nikisoma habari zake huwa nasema kimoyomoyo ahsante mzee, maana kabla ya hapo kujua hewa kwenye damu mara nyingi ilibidi umtoe mtoto damu, na wangu akiona sindano tu anaanza kulia mpaka anabadilika rangi.

Namba yenyewe isikutishe. Mtoto mzima wa moyo mzima anasoma 95 kwenda juu, wangu akiwa ametulia anasoma 79 mpaka 83 na anacheza na kula vizuri. Musawo, yaani daktari wetu, alituambia kila mtoto wa Fallot ana namba zake, mwulize daktari wako namba ya mtoto wako ni ipi na ikishuka ngapi ndo mkimbie, mwandike kwenye daftari. Usichukue namba zangu.

Kasoro zake sasa. Klipu hii ni ya watu wazima, kidole cha mtoto kinaelea mle ndani, kwa mtoto mchanga sishauri kabisa. Wa kwetu tulianza kwa kidole gumba cha mguu mpaka alipokua kidogo. Mkono ukiwa baridi hakisomi au kinasoma uongo, asubuhi za mvua namsugua kwanza vidole kwenye viganja vyangu. Akitikisika ndo basi. Subiri nusu dakika mpaka ile mistari ya mapigo iwe inapanda na kushuka sawasawa ndo uandike, ile namba ya kwanza kabisa usiishike.

Na piko! Idi iliyopita shangazi yake kamtia piko kwenye ncha za vidole vyote kumi, kapendeza kweli, usiku nambana klipu inaniletea vistari vitupu halafu ghafla 66, nikahisi miguu imeisha nguvu. Nikampigia nesi simu usiku ule, akaniuliza swali moja tu, mtoto ana rangi kwenye vidole? Nikamweka mguuni, 80. Hina ile nyekundu sijaiona ikisumbua, ila piko nyeusi na rangi ya kucha acheni vidole viwili vitupu.

Lingine ambalo muuzaji hakwambii ni ngozi yetu. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walilinganisha vipimo vya kidole na vipimo vya damu yenyewe, wakakuta wagonjwa weusi ni karibu mara tatu zaidi ya weupe kuwa na oksijeni ya chini ambayo kifaa hakikuiona. Yaani kifaa kinaweza kukupa moyo kuliko hali ilivyo. Kwa hiyo mi naangalia ulimi na ndani ya mdomo kila siku mchana kwenye mwanga wa jua, na macho yangu yakipingana na kifaa nafuata macho.

Sasa niseme lile ambalo hasa limenifanya niandike. Miezi mitatu ya mwanzo hichi kifaa nusura kinivunjie dini yangu. Nilikuwa nampima mara kumi na tano, ishirini kwa siku. Naanza Adhuhuri, rakaa ya pili nasikia kakohoa, nakata sala naenda kumbana kidole. Usiku nakaa na ile taa nyekundu chini ya neti, nikiona 82 nasema alhamdulillah, nikiona 78 nanyamaza, siwezi hata kutamka neno. Mama mkwe wangu akaliona hilo. Ni Mnubi wa hapahapa Bombo, si mtu wa maneno mengi, siku moja kanikalisha jikoni akaniambia mwanangu, unamshukuru Mungu kwa namba nne tu, zile nyingine unamnunia. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikilikumbuka linanichoma.

Tulikaa na mume wangu tukapanga. Mtoto anapimwa mara mbili, baada ya Alfajiri na baada ya Isha, tukishamaliza kusali wote, si kabla. Inaandikwa kwenye daftari, kifaa kinarudi kabatini. Katikati ya hapo ni macho tu, na akiumwa ndo kinatoka. Nilidhani sitaweza. Wiki ya kwanza nililia kwenye sijda karibu kila siku, lakini nililia nikimwambia Mungu, zamani nilikuwa nalia nikiiangalia mashine, na niliuhisi mwilini utofauti wake, nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile eko.

Mtoto naye ana sheria yake. Siku moja nambana kidole cha shahada akauchomoa mkono, akasema bibi kasema hicho ni cha Allah, weka kwenye cha katikati. Tangu siku hiyo ni cha katikati, mkono wa kulia, na anasema bismillah mwenyewe kabla hajakiingiza. Bahati nzuri cha katikati pia ndicho kirefu na kinakaa vizuri zaidi kwenye klipu.

Wako watu walituambia tuache dawa yake ya moyo, propranolol. Ndugu mmoja alisema ni jini, tuachane kwanza na mambo ya hospitali tuanze tiba ya kombe, yale maji ya aya za Kurani. Mama mkwe alimpikia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kombe tunampa na propranolol tunampa, chai inapoa. Jirani yetu ni mlokole, naye anamwombea kwa sauti mpaka tunamsikia sisi huku ukutani, na kila tukienda Mulago ananipa hela ya taksi ya kurudi. Sijawahi kumuuliza anaomba vipi, naitikia amina.

Kuna usiku mmoja nauandika kwa ajili ya wazazi wapya. Ilikuwa karibu na adhana ya Alfajiri, mtoto kaamka analia, akalia akalia, mara kilio kikawa kidogo na rangi ikawa nyeusi, macho yanapotea. Mume wangu kakimbilia kabatini anatafuta kifaa, kakipata, betri imeisha, anafungua redio atoe betri. Mimi nikapiga kelele niache na hicho, njoo ushike! Nikamkunja magoti yakagusa kifua nikamkumbatia hivyohivyo, kama tulivyofundishwa, maana ukiwakunja hivyo damu inabanwa miguuni na nyingi inalazimika kupita mapafuni, ndo maana hawa watoto wakichoka kucheza wanachuchumaa wenyewe bila kuambiwa. Baba yake akawa anamsomea sikioni kwa sauti ya chini kabisa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilisikia pumzi imerudi, kisha ukucha wake ukaanza kupata rangi, halafu muadhini akaanza. Tulipanda gari ya jirani mpaka Mulago kupitia Kawempe, kifaa tulikiwasha njiani, kilisoma 74 na kinapanda.

Kwa hiyo kwenye dharura hichi si kitu cha kwanza, mkunje mtoto kwanza, wa pili atafute gari. Tangu siku hiyo betri mpya ziko zimefungwa pamoja na kifaa kwa raba, ni zile ndogo za AAA, na ukikiweka muda mrefu zitoe, zinavuja.

Kitu ambacho daftari limetusaidia, kwenye Ramadhani mtoto aling'ang'ania kufunga nusu siku kama watoto wenzake. Daktari alishatukataza, maana damu yao ni nzito, wakikosa maji inazidi kuwa nzito na inaweza kuganda. Nikamwonyesha daftari, siku ile ya joto aliyokunywa maji kidogo ilikuwa imeandikwa 76, nikamwambia funga yako wewe ni kunywa vikombe sita. Sasa anahesabu vikombe, na jioni wakati wa kufuturu anakaa mkekani na sisi, anakula tende ya kwanza na anasema amefunga ya maji.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya klipu kubwa na ile raba ya ndani imeshaanza kupasuka baada ya miaka miwili. Kwa 85,000 nitanunua tena, na ningekuwa na uwezo ningewanunulia na wale kina mama wawili wa kutoka mbali tunaokaa nao benchi, wanaokuja kupimisha mara moja kwa miezi mitatu na katikati hapo hawajui kitu.

Kliniki yetu inayofuata ni mwisho wa mwezi huu, tuwekeeni dua, wa msikitini na wa kanisani. Na kama kuna anayejua duka lenye klipu ya watoto, kuanzia Wandegeya mpaka Luweero huku, aniambie na bei, kwa sababu mdogo wake anataka kupimwa na yeye kila usiku na kidole chake hakijai hata nusu.