Asidi iliyozimuliwa: chupa ya kioo au ya plastiki?
Kwa asidi hidrokloriki ya 0.1 M (M ni moli kwa lita, kipimo cha ukolezi), mimi huamini kioo cha borosilikati, kile kigumu cha maabara, chenye kifuniko kinachobana: kuta zake hazipitishi mvuke, hivyo ukolezi hudumu kwa miezi mingi.

Kioo cha kawaida ni habari nyingine. Huachia sodiamu kidogo kidogo, na kwa asidi hafifu sana, tuseme 0.001 M, alkali hiyo ndogo inatosha kuipunguza nguvu. Hapo ni bora plastiki ya polietilini, isiyoachia alkali wala kuvunjika kirahisi. Lakini maji hupenya kuta zake polepole na asidi inayobaki hukolea. Pima chupa kwenye mizani mara kwa mara, uzito ukishuka utajua.

Asidi hidrofloriki, hata iliyozimuliwa, usiiweke kamwe kwenye kioo. Inakila.