Ripita ya waifai isiyo na tundu la kebo usiinunue

Mwezi uliopita nilitoa Sh 45,000 Kariakoo kwa ripita, kifaa cha kupokea waifai ya ruta na kuirusha mbele zaidi, yenye antena nne. Ruta yetu iko sebuleni, pale mafundi wa faiba walipoishia na waya wao, na kutoka hapo hadi chumba cha nyuma anakosomea binti yangu kuna kuta tatu za tofali za saruji. Nikaichomeka koridoni. Vistari kwenye simu vikajaa vyote, nikashukuru. Usiku ule ule somo lake la video likakwama kama zamani.

Ripita nyingi za bei hizi hupokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa zamu, hivyo kasi inashuka karibu nusu kabla ukuta haujala sehemu yake. Vile vistari ni vya kati ya simu na ripita. Havisemi lolote kuhusu kati ya ripita na ruta. Dawa ni kuvuta kebo kutoka kwenye ruta, ripita ikarushe waifai mpya kule kule nyuma. Nikaigeuza yangu, nikapapasa chini na pembeni. Tundu la kebo halipo!

Kwa hiyo antena zisikushughulishe. Tafuta tundu, kisha hakikisha kwenye boksi pameandikwa AP, maana yake kifaa kinaweza kuchukua intaneti kwenye kebo na kuirusha.

Namba moja kwangu ni TP-Link RE305, na sifichi, TP-Link ndiyo ninayoiamini. Tundu ipo, AP ipo, inarusha masafa ya GHz 2.4 na 5. Tundu lenyewe linapitisha Mbps 100 (Mbps ndicho kipimo cha kasi ya intaneti), na kwa mwenye kifurushi cha 20 au 50 inabaki.

Namba mbili ni Deco M4, ya TP-Link pia, seti ya vifaa vinavyoshirikiana, kwa wenye ghorofa. Kila kimoja kina matundu mawili ya gigabiti, yaani Mbps 1,000, kwa hiyo slabu ya zege unaivuka kwa kebo, na jina la mtandao ni moja nyumba nzima. Bei yake imechangamka. Namba tatu ni TL-WA850RE: GHz 2.4 peke yake, ila tundu lake linafaa kuunganishia runinga.

Vya bei ya chini visivyo na tundu, vipite. Kama mfuko umebana, ruta ya zamani iliyolala kabatini inafanya kazi hiyo hiyo: ipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, zima DHCP (ugawaji wa anwani, kazi hiyo iachie ruta kuu), chomeka kebo kwenye tundu la LAN, mojawapo ya yale ya kuunganishia kompyuta.

Kebo nayo ina wizi wake. Inafika hadi mita 100, lakini iwe ya shaba. Nyingi zinazouzwa ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe, rudisha.

Na wauzaji jamani! Boksi langu liliandikwa 1200 kwa maandishi makubwa. Hiyo ni 300 ya GHz 2.4 na 867 ya GHz 5 zimejumlishwa na kukadiriwa kwenda juu, na simu nyingi hazishiki zote mbili kwa pamoja. Niliporudi nikaonyeshwa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nitajuaje kilichomo wakati boksi limegundishwa na kabla ya kulipa sikuruhusiwa kulifungua? Bei hazibandikwi. RE305 hiyo hiyo, mtaa mmoja, niliambiwa 95,000, nikaambiwa 130,000.

Safari hii nilisema kabla ya kutoa pesa: "Mwanangu, fungua nione tundu." Maduka mawili yakakataa. La tatu kijana akasema, "Karibu mama," akachana gundi kwa ufunguo, akakigeuza kifaa kwenye kaunta, na hapo ndipo nilipolipa.