Warsha za startapu pale Sayansi: ipi uingie, ipi uipite

Ukishuka kituo cha Sayansi, Kijitonyama, jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, liko pale pale barabarani. Humo ndimo vilimolelewa vituo viwili ambavyo wenye startapu, yaani kampuni changa, wa Dar es Salaam huvitaja kwa pumzi moja: Buni, iliyoanza 2011 chini ya TANZICT, mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Finland, na DTBi, kituo atamizi, yaani cha kulea biashara changa, za TEHAMA. Tangu asili kazi zao zilitofautiana. Buni ni ya wazo bichi na kijana anayetafuta wenzake. DTBi ni ya aliyekwisha kuwa na kitu cha kuuza. Wengi hukosea mlango hapo, wanakwenda kuomba ulezi wa biashara wakati walichonacho ni wazo na nembo.

Tunachopima hapa ni huduma yenyewe kama inavyotolewa kwenye kumbi za ubunifu za mjini: kiti, intaneti, mshauri, warsha na karakana. Kasoro tunazozitaja ni za huduma ya aina hiyo kwa jumla, si za ukumbi mmoja. Na ili maneno yasielee, tutatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho: kampuni changa inayopeleka mitungi ya gesi ya kilo 6 majumbani.

Kiti tukimalize haraka. iHub, ukumbi wa ubunifu wa Nairobi, ilipofunguliwa barabara ya Ngong mwezi Machi 2010, kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ifike pwani yetu, na intaneti ya kasi ilikuwa sababu tosha ya kupanda daladala. Leo bando linafanya kazi hiyo. Kiti kina faida mbili tu zilizobaki: anwani ya kuonyesha kwenye barua, na jirani wa meza anayejua kitu usichokijua. Kama ukumbi ni mtupu kuanzia saa nane mchana, faida ya pili haipo.

Warsha ya kuhoji wateja ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo tungeilipia. Ikifundishwa vizuri inachukua siku mbili: asubuhi ya kwanza mnaandika maswali, mchana mnatoka kwenda mtaani, siku ya pili mnasomeana majibu. Ikifundishwa vibaya mnabaki ukumbini kubandika karatasi za rangi ukutani. Tazama tofauti ya maswali haya mawili. La kwanza: "Je, ungependa programu ya simu itakayokurahisishia kupata gesi?" Kila mtu atasema ndiyo, maana umekuja kwake kistaarabu na ndiyo haimgharimu. La pili: "Mara ya mwisho gesi ilipokuishia, mama, ilikuwa saa ngapi, na ulifanyaje?" Hapo utasikia kwamba iliisha wali ukiwa jikoni, akamtuma mtoto kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, Mangi akaleta mtungi kwa mkopo mpaka Ijumaa. Basi mshindani wako umemjua: ni Mangi, na silaha yake ni mkopo. Mahojiano 15 ya namna hii yanatosha kuua wazo baya. Muulize mwendeshaji kabla ya kujiandikisha: tunatoka nje ya jengo siku ya ngapi? Kama jibu halina siku, ipite.

Kanvasi ya biashara, ile karatasi yenye visanduku tisa, inafaa kwa saa moja. Kuna programu zinazoipa wiki nzima. Hatuna la kuongeza.

Warsha ya hesabu ndiyo moyo wa programu yoyote, na hapa ndipo mkufunzi hupimika. Mkufunzi wa kawaida ataonyesha mchoro wa soko la mabilioni. Mkufunzi mzuri atakukalisha na Excel na oda moja tu. Kwa kampuni yetu ya gesi: mteja analipa ada ya kuletewa shilingi 3,000, wakala wa gesi anakupa kamisheni ya 1,500, jumla 4,500. Bodaboda anachukua 2,500. Makato ya malipo ya simu tuseme 300, ujumbe na simu za kumtafuta mteja 150. Inabaki 1,550, na wengi huishia hapo wakishangilia. Sasa weka safari zilizofeli. Kama oda 1 kati ya 10 inarudi kwa sababu mteja hapokei simu, bodaboda bado anadai 2,500 zake. Zigawe kwa oda 9 zilizofika, kila moja inabeba karibu 280. Umebaki na kama 1,270. Kisha ile ofa ya "oda ya kwanza punguzo la 5,000" uliyotaka kuitangaza: inahitaji oda nne za mteja huyo huyo ili irudi. Mtungi wa kilo 6 kwa familia ndogo unakaa kama mwezi, kwa hiyo oda ya nne itakuja baada ya miezi mitatu, kama Mangi hajamrudisha mteja wake kwa mkopo. Na bado hujalipa mshahara wa mtu yeyote.

Jedwali hilo lina mistari minane, na lina thamani kuliko makadirio ya miaka mitano yenye rangi. Nenda na namba zako halisi, hata kama ni za oda 12. Ukienda na namba za kukisia, utatoka na makisio yaliyonyooshwa vizuri.

Upande wa sheria na kodi, wanaotoa warsha hizi mara nyingi ni mawakili wa kujitolea wenye saa mbili, na saa moja huishia kwenye historia ya sheria ya makampuni. Yaliyo muhimu ni machache. Jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni rahisi na la haraka, lakini halina hisa, kwa hiyo mwekezaji hana cha kununua. Kampuni ina hisa, ila inataka namba za NIDA na TIN za wakurugenzi, katiba ya kampuni na taarifa za wamiliki manufaa, yaani wanaonufaika na kampuni hasa. Mmoja wenu akikosa NIDA, wote mnasubiri. Tena kampuni ikisajiliwa, saa inaanza kuhesabu hata kama hujauza kitu: makadirio ya kodi TRA ndani ya miezi 3 ya kwanza ya mwaka wa hesabu, ritani ya kodi ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha, na taarifa ya mwaka BRELA. Timu nyingi husajili kampuni kwa pupa kwa sababu shindano limedai cheti, kisha wanakuja kukutana na faini za kampuni iliyolala. Usajili wa VAT wenyewe si wa kukutisha mapema, kizingiti ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12.

Swali la pesa za wateja ndilo linaloumiza zaidi. Ukishika pesa ya mteja na kumlipa mtu mwingine baadaye, umeingia kwenye eneo la Benki Kuu na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Kampuni yetu ya gesi inaweza kulikwepa kwa kuungana na mtoa huduma mwenye leseni, fedha ziende kwa wakala wa gesi moja kwa moja na kamisheni irudi kwako. Na ukitunza majina, namba za simu na mahali wanapoishi wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakutaka ujisajili kwa Tume inayoisimamia. Mkufunzi asiyeyagusa haya mawili amefundisha sheria ya zamani.

Somo la USSD, zile menyu za simu zinazoanza na nyota na kuishia na reli, linastahili alama ya juu, hasa kwa wanaodhani kila mteja ana simu janja. Skrini moja inabeba herufi 182 tu. Menyu yenye "Karibu katika huduma yetu bora ya" imekwisha kula karibu moja ya tano ya nafasi kabla ya kusema kitu. Utajifunza kuandika "1. Kilo 6 2. Kilo 15" na kunyamaza. Utajifunza pia kwamba muda wa kikao hukatika mteja akisita, kwa hiyo swali la mtaa lisiwe la kuandika insha, na kwamba kila mtandao unaunganishwa peke yake, ndiyo maana wengi hupitia wakala wa kuunganisha.

Karakana ndiko wenye vifaa wanakopata thamani wasiyoweza kuipata mezani. Tuseme wenzetu wa gesi wanataka mizani ndogo ya kuwekwa chini ya mtungi, itume ujumbe gesi ikikaribia kuisha. Vipuri ni vichache: kitambua uzito cha kilo 20, chipu ya HX711 ya kukisoma, bodi ya ESP32 ya kutuma ujumbe, betri. Kinachokwama ni mambo ambayo video za mtandaoni hazisemi. Mtungi mtupu nao una uzito wake, umegongwa kwenye chuma chake, na hautofautiani kwa kampuni tu bali hata mtungi kwa mtungi. Usipompa mteja njia ya kuingiza namba hiyo, mizani itadanganya. Mzigo ukikaa juu ya kitambua uzito siku nyingi, kipimo hujisogeza polepole bila gesi kupungua, na joto la jiko huongeza kosa. Programu ilinganishe mabadiliko ya siku, isiamini kipimo kimoja.

Kisha kasha. Printa ya 3D inapewa plastiki ya PLA kwa sababu ni nyepesi kutumia, lakini PLA hulegea ikifika kama nyuzi 60, na chini ya mtungi wenye mzigo, karibu na jiko, itapinda. Omba PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Hewa ya Dar es Salaam nayo ina unyevu: uzi wa plastiki ulioachwa wazi hunywa maji, ukiingia kwenye pua ya printa unatoa vipovu na nyuzinyuzi, kazi inatoka na vinyweleo. Ukaushwe kwa joto la chini saa kadhaa, kisha ukae kwenye chombo kilichofungwa. Umeme ukikatika katika saa ya tano ya kazi ya saa sita, bila UPS, betri ya akiba, mara nyingi unaanza upya. Waulize wasimamizi kuhusu UPS na uzi mkavu kabla ya kuuliza wana printa ngapi.

Kuhusu kupichi, yaani kulieleza wazo lako mbele ya wawekezaji: dakika tatu, slaidi zisizozidi kumi, mwisho wa habari. Mafunzo ya siku nne ya kupichi ni burudani. Hata hivyo jambo moja hatulielewi: mteja ni wa Kiswahili, mkufunzi ni wa Kiswahili, washiriki wote wametoka Mbagala na Kimara, halafu slaidi na mazoezi vinaendeshwa kwa Kiingereza cha kuazima. Mwekezaji wa nje atakuja mwezi wa kumi. Bodaboda unamhitaji kesho asubuhi.

Posho nayo inapotosha vipimo. Warsha yenye nauli na chakula cha mchana hujaa, yenye kazi ya nyumbani hubaki na viti wiki ya pili. Waandaaji huhesabu waliosaini karatasi ya mahudhurio, kwa sababu hicho ndicho mfadhili anachouliza. Wewe uliza ni timu ngapi za awamu iliyopita zinauza leo.

Ruzuku zinazoambatana na programu hizi hutoka kwa awamu, na awamu ya pili hufungwa na risiti za ya kwanza. Hapo watu hukwama vibaya. Risiti inayotakiwa ni ya EFD, mashine ya risiti za kodi, wakati bodaboda, fundi wa chuma Gerezani na muuza vipuri wa mkononi hawana mashine hiyo. Kabla hujatumia hata shilingi, pata kwa maandishi jibu la namna ya kuthibitisha matumizi ya aina hiyo, na kama kuna kiwango cha juu.

Soma mkataba wa ulezi mpaka ukurasa wa mwisho. Kituo kikitaka hisa, pima kwa kipimo kinachojulikana: Y Combinator ya Marekani inatoa dola 500,000, na katika hizo, dola 125,000 ndizo zinazobadilishwa kwa asilimia 7 ya kampuni, zilizobaki zinasubiri masharti ya wawekezaji wa baadaye. Anayetaka asilimia 10 kwa kiti, intaneti na warsha sita anauza ghali. Angalia pia nani anamiliki mchoro uliotengenezwa kwenye karakana yao, na tarehe ya kutoka. Kati yenu wenyewe, msigawane theluthi kwa theluthi siku ya kwanza mkamaliza. Hisa ziive kidogo kidogo kwa miaka 4, na asiyefikisha miezi 12 asiondoke na kitu. La sivyo mwenzenu akipata ajira Dodoma mwezi wa saba ataondoka na theluthi ya kampuni mfukoni.

Walezi wa biashara ni bahati nasibu. Mwenye benki atakufundisha mikopo, mwenye duka atakufundisha kuuza. Usimwombe ushauri wa jumla, mwombe majina matatu ya kupigia simu na ruhusa ya kutaja jina lake. Saa moja kila wiki mbili inatosha kama umemtumia lile jedwali la mistari minane siku mbili kabla.

Kwa karakana, weka miadi, njoo na flashi yenye faili la STL, lile la umbo linalosomwa kwa ajili ya printa, pamoja na faili la mchoro wa asili. Matundu ya skrubu hutoka madogo kuliko ulivyochora, mara nyingi kwa milimita 0.2 hadi 0.4, na STL peke yake ni shida kuirekebisha pale pale. Bila mchoro wa asili utarudi nyumbani, na zamu inayofuata huenda ikawa wiki ijayo.